Wazee wameniuliza mbari yangu, nami sina ya kutaja

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Malindi, fundi wa mashine za maboti. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo naimaliza kwa sababu muda unakwisha: wazee walitupa wiki tano, na mbili zimeshapita.

Mchumba wangu ni Mgiriama, kwao ni upande wa Jilore. Tulikutana kwenye kwaya ya kanisa letu la Kianglikana. Tuliimba pamoja miaka minne kabla sijapata ujasiri wa kumwambia neno lolote lisilohusu nyimbo. Mwezi uliopita nilikwenda kwao na baba, mama, kaka yangu na mshenga ili tujitambulishe. Walitupokea kwa heshima kubwa. Tulikula wali wa nazi na kuku, tukanywa chai, watoto wakatuimbia. Kisha baba yake mkubwa, mzee ambaye akishasema pale hakuna anayeongeza, akajitaja yeye na ndugu zake, akataja mbari yao, akataja babu zao mmoja mmoja hadi nikapoteza hesabu. Alipomaliza akamgeukia baba yangu: "Sisi mmeshatusikia. Na nyinyi, mbari yenu ni ipi?"

Baba akanyamaza. Mama, baba yangu ni mtu wa maneno. Ni mzee wa kanisa, husimama mbele ya watu mia tatu akasoma na kuomba bila karatasi. Siku ile alitazama kikombe cha chai kama mtu aliyeona kitu ndani yake. Mshenga akajaribu kutuokoa, akasema sisi ni watu wa Rabai wa zamani, watu wa misheni. Yule mzee akasema, "Warabai nawajua, na wao wana mbari. Mtu ni watu. Nataka kujua huyu mkwe wangu ni mtu wa akina nani." Halafu, bila ukali wowote, kama mtu anayefunga mazungumzo kwa methali, akasema: "Mwacha asili ni mtumwa."

Neno lile liliniingia hadi ndani. Hakujua alichogusa. Babu wa babu yangu alikuwa mtumwa kweli, hapa hapa Malindi, kwenye mashamba. Alitoroka akafika Rabai, kwenye kituo cha wamisionari karibu na Mombasa, akabatizwa, akapewa jina la Kizungu, na hilo ndilo jina la ukoo ninalobeba mpaka leo. Kabla ya hapo hatujui kitu. Nyanya yangu alikuwa akisema huyo mzee aliletwa kwa jahazi akiwa mtoto mdogo, na kwamba huenda alikuwa Myao au Mnyasa. Basi. Hadithi yetu inaanzia kwenye mbio za mtu mmoja usiku.

Shuleni wenzangu walinicheka kwa sababu ya jina hilo. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho niliulizwa kabila, nikababaika, aliyekuwa akijaza fomu akaandika Mgiriama kwa kuwa nimezaliwa Malindi. Kaka yangu ameandikwa Mrabai. Dada yetu ameandikwa Mswahili. Watoto wa tumbo moja, makabila matatu. Babu alipofariki tulimzika hapa mjini, maana hatuna "nyumbani" pa kusafirisha maiti kama wenzetu. Watu wa kwaya ndio waliochimba kaburi. Nakumbuka mtu mmoja kwenye matanga aliuliza, "Kwani hawa hawana kwao?" Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sijasahau.

Nilimweleza mchungaji wetu. Akanisomea Wagalatia, kwamba hapana Myahudi wala Myunani, akaniambia niwajibu wazee hivyo hivyo. Namheshimu sana, lakini yeye ana kwao, ana ukoo, ana shamba la babu yake. Nilitoka pale nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia.

Sasa kaka yangu amepata njia nyingine. Kuna mzee mmoja Mgiriama anayefahamiana naye, yuko tayari kuja siku hiyo akajitaja kuwa ndugu wa baba yangu kwa upande wa mama, atuazime mbari yake, mambo yaishe. Anataka shilingi elfu ishirini. Mama yangu anasema tukubali. Baba hajasema neno tangu siku ile, na jambo hili halizungumzwi mbele yake. Mchumba wangu hajui lolote.

Mama, nimkubali huyo mzee? Na nisipomkubali, nitasimama mbele ya wale wazee nikiwa mtu wa akina nani?

Mwana wa Misheni,
Malindi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la kwanza nalijibu mara moja: usimlipe huyo mzee hata shilingi. Zirudisheni mfukoni hizo elfu ishirini, zitakuwa na kazi.

Sikwambii hivyo kwa sababu uongo ni dhambi tu, ingawa ni dhambi na wewe unajua. Fikiri kwanza kwa nini wazee wanauliza mbari. Mbari ndiyo inayowaambia nani hawezi kuolewa na nani, ili damu moja isirudiane. Mbari ndiyo inayowaambia wataenda kugonga mlango wa nani siku ndoa ikiyumba, siku binti yao akiugua, siku mume akipotea baharini. Na Wagiriama humpa mtoto jina la babu yake, kwa hiyo wanataka kujua wajukuu watamrudisha nani duniani. Yule mzee hakukuuliza ili akudhalilishe. Aliuliza swali la mtu anayejali binti yake anakwenda wapi.

Sasa mwazime jibu la bandia. Watoto wako watakatazwa kuoa kwa watu ambao si ndugu zao. Siku ya shida huyo mzee wa elfu ishirini hatapatikana, au atapatikana na bei mpya. Na siku ya posa baba yako atakaa kwenye mkeka akimsikiliza mtu mgeni akijiita nduguye, huku baba yake mwenyewe na babu yake wakifutwa mbele ya macho yake. Baba yako alinyamaza mara moja. Usimnyamazishe mara ya pili.

Twende kwenye ile methali, maana naona ndiyo iliyokuumiza. Mwacha asili ni mtumwa. Babu wa babu yako hakuacha asili. Alinyang'anywa akiwa mtoto, na hakuna methali ya Kiswahili inayomlaumu aliyeibiwa. Anayeacha asili ni yule anayekaa nayo mkononi kisha akaitupa kwa hiari yake, akaenda kukodi ya mwingine. Umeona sasa ni nani aliye karibu kuingia kwenye methali hiyo?

Asili unayo. Tatizo lako ni kwamba umepewa vipande viwili vitatu tu, na hakuna aliyekuonyesha vinakaa wapi. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia kwa miaka mingi, nivumilie kidogo.

Malindi tunayoiona leo ilikuwa magofu na vichaka hadi mwaka 1861, pale Sultani Majid wa Unguja alipotuma watu waiamshe tena. Kilichoiamsha ni mashamba ya mtama na ufuta, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Wengi waliletwa kwa majahazi kupitia Kilwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo, na watoto wengi miongoni mwao. Mwaka 1873 biashara ya kusafirisha watumwa baharini ilipigwa marufuku, lakini aliyekwisha kuwa shambani alibaki shambani. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda huu wa pwani hadi 1907. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1880 angelazimika kusubiri mpaka awe na mvi. Babu wa babu yako hakusubiri. Alikimbia.

Waliokimbia waliitwa watoro. Walijificha kwenye misitu ya bara, wengine wakajenga vijiji vyao. Kijiji kimoja nataka ukijue kwa jina kabla hujarudi Jilore: Fuladoyo. Kilikuwa bara huko, katika nchi ya Wagiriama. Hawakukianzisha Wazungu. Kilianzishwa na Wagiriama waliopata Ukristo kupitia misheni ya Rabai, na mkuu wake alikuwa Mgiriama aliyebatizwa kwa jina la David Koi. Watoro walikimbilia kwake kwa mamia, naye aliwapokea. Wenye watumwa hawakuvumilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikamatwa akakatwa kichwa.

Nimeishi Malindi zaidi ya miaka arobaini, na kila nikilitaja jina hilo darasani nilikuwa naona watoto wamenitumbulia macho. Mgiriama aliyeuawa kwa sababu alikataa kufunga mlango wake kwa watu wasio na mbari. Wewe unadhani unakwenda kwa wazee wa Kigiriama kama mtu wa kwanza wa namna yako kufika kwao. Watu wako na watu wa mchumba wako walikutana kabla hamjazaliwa, na wako waliomwaga damu katika kukutana huko.

Lakini usiseme mbele ya wazee kwamba babu wa babu yako alikuwa Fuladoyo kama hukuambiwa hivyo. Sema ulichoambiwa: Malindi, kutoroka, Rabai, ubatizo. Kinatosha. Na usiwapambe Wagiriama wote, maana wapo waliowageuza watoro kuwa watumishi wao. Historia ikipambwa sana hukatika ukiiegemea.

Rabai nayo ina yake. Wamisionari wa Kijerumani, Krapf na Rebmann, walianza kazi pale mwaka 1846, ila miaka ile watoro walipofika kwa wingi, mtu waliyemkuta zaidi ni William Jones. Jina la Kizungu, kama lako. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi pwani hii, na mwaka 1885 akapewa daraja ya ushemasi. Watoro walijazana Rabai chini ya uangalizi wake, mabwana zao wakaja juu wakitaka watu wao. Mwisho Kampuni ya Waingereza, ile iliyosimamia pwani hii wakati huo, ililipa fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Nikuulize: ni ukoo gani wa pwani hii unaoweza kutaja karibu mwaka wenyewe ulipozaliwa?

Sitakudanganya kwamba kanisa liliwakumbatia siku zote. Kule Freretown, kijiji cha walioachiwa huru kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, kulikuwa na viboko na adhabu zilizoleta kashfa na uchunguzi. Majirani nao waliwaita Wamisheni kwa sauti ile uliyoisikia wewe kwenye matanga. Walikuwa watu wasio na mjomba wala shangazi wa damu hata mmoja. Lugha zao mbalimbali. Mtoto akizaliwa, hakuna bibi wa kumpa jina.

Ndipo wakafanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko majengo yote ya misheni. Walisimamiana ubatizo. Mmakua akamsimamia mtoto wa Myao, Mngindo akawa baba wa ubatizo wa mwana wa Mnyasa, na usimamizi huo haukuishia kwenye birika la maji. Huyo ndiye aliyekwenda kuposa. Huyo ndiye aliyekaa na wafiwa. Baada ya vizazi viwili wakawa wanaitana binamu, nao hawakuwa wanadanganya mtu. Mbari nyingine huanza kwa mtu mmoja aliyefika mahali na mkuki wake. Yenu ilianza kwa watu walioshikana mikono kanisani kwa kuwa hawakuwa na mkono mwingine wa kushika.

Mchungaji wako hakukosea kukusomea Wagalatia. Ila aliishia mapema. Maneno yanayofuata ni "hapana mtumwa wala huru", na hayo ndiyo uliyokuwa unayahitaji. Kisha ningemwomba akufungulie waraka wa Filemoni, ule mfupi wa aya 25. Onesimo ni mtumwa aliyeachana na bwana wake, na wengi tunamsoma kama mtoro. Paulo anamrudisha, na hamwambii Filemoni kwamba yaliyopita hayapo. Anasema mpokee kama ungenipokea mimi, si kama mtumwa tena bali ndugu mpendwa, na kama ana deni lako, liandike juu yangu. Umesikia hilo? Liandike juu yangu. Hiyo ndiyo kazi ya mbari. Yule mzee wa Jilore anatafuta mtu wa kumwambia maneno hayo kuhusu wewe.

Kwa hiyo mrudie mchungaji. Mwambie, kwa adabu, kwamba aya umeipokea na sasa unamwomba miguu. Aje Jilore. Akae kwenye mkeka pamoja nanyi, aseme kwa kinywa chake kwamba akitokea wa kudai, kanisa litaitika. Wapo wachungaji waliokwenda mbali zaidi ya hapo kwa waumini wao.

Nikuambie na langu, kwa ufupi. Mimi ni Mpokomo wa Ngao. Nilikuja Malindi kufundisha nikiwa msichana, nikaolewa, nikazaa. Mume wangu alifariki Novemba 1997, mvua za El Niño zikiwa zimekata barabara ya Garsen na mto Tana umemeza vijiji. Hatukuweza kumpeleka kwao. Ndugu zetu wa damu hawakuweza kufika. Akina mama wa kanisa walilala nyumbani kwangu siku tisa, sakafuni, kwa zamu, na kaburi lilichimbwa na wanaume ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Mpokomo. Watoto wangu waliposhika mchanga wa kutupia, aliyewashika mikono alikuwa baba yao wa ubatizo, fundi seremala, Mgiriama. Baadaye ndiye aliyekaa meza ya posa ya binti yangu akapokea barua. Hakuna aliyeuliza anamhusu vipi.

Umeandika mwenyewe, katikati ya barua yako, kama jambo la kupita: watu wa kwaya ndio waliochimba kaburi la babu. Umelikumbuka neno la yule mmoja aliyeuliza kama mna kwenu, kwa miaka kumi na minne umelibeba. Wale walioshika majembe na jua lile umewapa sentensi moja. Keti uwaandike. Nani alikuja, nani alitoa gari, nani alileta mchele. Hiyo ndiyo orodha ya watu wa kwenda nao.

Sasa mambo ya kufanya, maana wiki tatu ni chache.

Leo usiku mwambie mchumba wako kila kitu, pamoja na habari ya mzee wa kukodi. Asije akaisikia kwa mwingine. Yeye ndiye anayejua ni shangazi gani nyumbani kwao mwenye sikio la baba mkubwa, na yeye ndiye atakayekuambia kama kuna aliyekwisha kununa.

Jumamosi hii panda gari ya alfajiri uende Rabai. Kuna makumbusho ndani ya jengo la kanisa la kale, na kuna parokia. Omba kuonyeshwa madaftari ya zamani ya ubatizo, na uliza wazee wa pale kuhusu jina lenu. Majina ya Wamisheni si mengi kiasi hicho. Ukipita Mombasa, shuka Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Freretown iliyokuwa ikigongwa kuonya watu watekaji wakikaribia. Koo za Kimisheni zipo Kisauni mpaka leo, na utashangaa kukuta watu wenye jina lako wanaojua mengi kuliko nyanya yako. Ukimpata mzee mmoja aliye tayari kuja Jilore, zile elfu ishirini zimepata kazi: nauli yake, na soda.

Mbele ya wazee, anayetangulia kusema ni baba yako au mtu atakayemteua yeye, kwa ruhusa yake. Wewe utasema ukiulizwa. Mimi ningesema hivi: "Baba, uliuliza sisi ni mbari gani, na tulinyamaza kwa sababu jibu ni refu. Babu wa babu yangu aliletwa Malindi akiwa mtoto, akauzwa. Akatoroka, akafika Rabai, akabatizwa pale. Mbari yake ya damu iliachwa ng'ambo na waliomwiba. Waliompokea ndio wakawa watu wake, na hawa mnaowaona hapa ni watu wangu. Ulisema mtu ni watu. Nimekuja nao." Kisha unyamaze. Acha wajitaje wenyewe, mmoja mmoja, kama baba mkubwa alivyojitaja.

Ukiona uso wa mzee umelegea, muulize kwa heshima: zamani, mgeni akifika peke yake katika nchi ya Wagiriama, wazee walimfanyia nini ili awe na mahali pa kukaa? Muulize kwa sababu anajua. Mijikenda walikuwa na njia zao za kumtia mgeni katika undugu, hadi kuchanjiana. Chale na damu sikushauri, hilo mzungumze na mchungaji mapema. Lakini kumtafutia mgeni mahali ni mila yao ya siku nyingi, na mzee akiulizwa mila yake hukaa vizuri kwenye kiti.

Anaweza kukataa. Nalisema ili lisikukute. Akikataa, msitoroke na binti, hata kama marafiki watakuambia siku hizi ndivyo ilivyo. Wazazi wake wana sauti, kanisa lina sauti, na mzee aliyekataa mwezi huu nimewahi kumwona akicheza harusini mwaka uliofuata.

Kuhusu kabila kwenye kitambulisho, usilikoseshee usingizi sasa. Wamakonde waliozaliwa nchi hii waliishi bila vitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016. Wapemba, ambao wengine ni wavuvi unaowatengenezea mashine, walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Fomu za serikali hufika nyuma ya watu. Ninyi watoto watatu kaeni siku moja mkubaliane mnajiitaje, mengine yatafuata.

Limebaki la baba yako, na hilo ndilo ninalokuomba ulifanye kabla ya Rabai, kabla ya mchungaji. Usimuulize kwa nini alinyamaza. Mwanamume wa umri wake aliyelelewa akiambiwa jambo hili halisemwi nje ya nyumba hawezi kulijibu swali hilo ana kwa ana. Mfuate jioni, mkae nje, umuulize habari za mama yake. Muulize alikuwa akipika nini Krismasi, alikuwa akiimba wimbo gani akifua. Kisha muulize siku aliyobatizwa, nani alimshika mikononi. Atalitaja jina la mtu. Liandike hilo jina, halafu muulize kama watoto wa mtu huyo bado wako hai.